Maji ya Mkono wa Kushoto

Kabla ya jogoo wa pili, komeo la mlango lilihama. Lilitoka kulia likaenda kushoto, polepole, mti ukisugua mti, likafika mwisho kwa mlio mdogo kama kijiko kinachogusa kikombe. Bibi Ernesta alikuwa macho tayari. Kila alfajiri aliusubiri mlio huo, kwa sababu ulimjulisha kwamba mjukuu wake Lukia amejigeuza kitandani na kwamba usiku umempitia salama. Aliinuka, akalirudisha komeo kulia ili upepo wa mlimani usiufungue mlango, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kuwasha moto nje. Ndani hakuwasha moto tena. Moshi ulimkohoza mtoto.

Lukia alikuwa na miaka saba na moyo wake ulikuwa kulia. Ernesta alilijua hilo tangu siku ya kuzaliwa. Mkunga alimtegea sikio upande wa kushoto wa kifua, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Pole, mama. Huyu hakubaki," akaanza kumfunika kanga. Ernesta akaomba amshike kidogo kabla hajafunikwa uso. Alimlaza kifuani pake, na kitu kikamgonga mahali ambapo hakuna mtoto mwingine aliyewahi kumgonga.

"Yupo," alisema. "Amekaa upande wa pili."

Mkunga akaifunua kanga, akanawa mikono, akaomba uji.

Mama yake Lukia, Evaline, alifariki kwa homa mtoto akiwa na miaka miwili. Tangu hapo bibi na mjukuu walibaki wawili katika kitongoji cha Kivanda, juu ya kijiji cha Mamba, penye baridi na migomba.

Vitu vilivyokuwa karibu na Lukia viligeuka. Maharage ya Ernesta yalipanda miti yake kwa kuzungukia upande mwingine kuliko maharage ya majirani. Koti la mtumba alilonunuliwa lilikuwa na vifungo kulia. Baada ya siku mbili vilikuwa kushoto, na matundu yake yamevifuata kwa kuhamia kulia. Fundi baiskeli wa njia panda alipopata nati iliyoganda alimwita mtoto akae kigodani karibu naye mpaka nati ilegee, na kila mara alimrudisha nyumbani na kipande cha muwa kilichomenywa. Watu hawakulizungumza sana. Kila nyumba ilikuwa na lake.

Shida ilianza Januari ya mwaka 1999, Lukia alipoingia darasa la kwanza, kwa sababu njia ya shule ilipita kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa la kitongoji. Usiku maji ya kijito hujikusanya humo, na alfajiri kizibo huondolewa ili yashuke mashambani. Pale Kivanda, hatua ishirini chini ya kizibo, mfereji uligawanyika. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye mashamba ya Mzee Erasmo, mwenyekiti wa kamati ya maji, na ndugu zake. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye vishamba vya wajane kumi na mmoja, na Ernesta alikuwa mmoja wao. Watu wa kulia walikuwa na zamu ya Jumapili hadi Ijumaa. Watu wa kushoto walikuwa na zamu ya Jumamosi.

Kitongoji kizima kilikuwa cha Wasabato. Jumamosi hakuna aliyeshika jembe wala kufungua kitalu chake maji yaingie, na kufungua kitalu siku isiyo yako lilikuwa kosa. Kwa hiyo kila Jumamosi maji ya wajane yalishuka kando yao wakienda kanisani, yakapita mashamba yao yote kumi na moja, yakamwagika korongoni. Erasmo alikuwa mzee wa kanisa na aliwatangulia kwenye njia hiyohiyo, akiwa ameshika Biblia na kitabu cha nyimbo.

"Nani amenyimwa maji?" alijibu kila alipoulizwa. "Ratiba ipo ukutani."

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, pembe ilipopulizwa kuwaita watu wakazoe tope la ndiva, wajane ndio waliotangulia kufika. Asiyefika alitozwa jogoo.

Mwaka huo maji yalikuwa machache. Mvua za El Nino zilikuwa zimebomoa matuta na kuondoka, na baada yake mawingu yalipita juu ya milima bila kusimama. Erasmo alikuwa amekwisha kung'oa kahawa yake. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, ghala lake likakodishwa kwa mtu wa kuuza bia, na malori yalipanda mpaka Mamba kutafuta tangawizi. Tangawizi inataka maji kuliko kahawa. Erasmo alipanda tangawizi mpaka ukingoni mwa njia, ikabidi watu wapite kwa upande upande.

Asubuhi ya kwanza ya shule Lukia aliuvuka mfereji pale kwenye mgawanyo. Ilikuwa Jumatatu. Maji yaliyokuwa yakienda kulia yalisimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha yakageuka yakaenda kushoto. Lukia hakuyatazama. Alikuwa akitazama viatu vyake asivichafue.

Maji yalibaki kushoto mpaka jua lilipozama. Siku ya pili yalifanya vivyo hivyo, na ya tatu. Wajane walifungua vitalu vyao haraka na kimya, kama watu wanaokula ugenini bila kuwa na hakika kama wamealikwa. Baada ya wiki tatu mahindi yao yalifika magotini, na jirani wa Ernesta, mjane mwenzake aitwaye Dorkas, akaanza kuimba akipalilia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azikwe mumewe.

Watoto wa kiume wa Erasmo waliziba mkono wa kushoto kwa tope, kisha kwa mawe, kisha kwa mlango wa bati walioubandua kwenye ghala la ushirika. Maji yalipanda juu ya mlango, yakashuka upande wa pili, yakaendelea kushoto.

Jumapili kamati ilikutana kwenye ukingo wa ndiva. Ernesta aliitwa aje na mtoto.

"Shikamoo, mama Evaline," alisema Erasmo.

"Marahaba."

"Mjukuu wako anaiba maji."

"Ana miaka saba. Ndoo tu hajui kuijaza."

"Haibi kwa ndoo," alisema Erasmo. "Angeiba kwa ndoo tungemchapa tukamaliza."

Wanaume wakacheka. Lukia alikohoa. Mama mmoja wa watu wa kulia akavuta kanga yake ikafunika pua, akasogea mbali ili asipumuliwe.

Baba mdogo wa Erasmo, Mzee Sylvester, alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono miwili kwenye fimbo. "Meno yake," aliuliza, "yalianza ya wapi?"

Zamani katika milima hiyo mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alisemwa kuwa ni mkosi. Alipelekwa kwenye jiwe fulani lenye mteremko na hakurudi. Hakukuwa na mtu pale aliyehitaji kuelezwa.

"Ya chini," alisema Ernesta.

"Nani aliyaona?"

"Mimi niliyaona."

"Zamani bibi wa mtoto hakuwa shahidi," alisema Sylvester. "Lile jiwe bado lipo." Alilisema kama anayemwelekeza mgeni dukani.

Ernesta akamvuta Lukia akamweka mbele ya magoti yake, akamzungushia mikono kifuani.

"Hatuko huko tena, baba mdogo," alisema Erasmo. "Sasa ni soko huria, kila mtu na bidhaa yake mahali inapotakiwa. Mtoto ana mjomba wake Kihurio. Aende tambarare. Kule mpunga unalowa pande zote, ageuze anavyotaka."

Wakacheka tena. Ernesta hakucheka. Kihurio ilikuwa chini kwenye joto na vumbi, safari ya siku nzima. Mjomba mwenyewe, mtoto wa dada yake Ernesta, alikuwa na watoto tisa na hakuwahi kumuulizia huyu hata kwa salamu. Nani kule angeamka alfajiri kusikiliza kama mtoto bado anapumua?

"Nipeni wiki moja," alisema. "Nimpeleke Same kwa daktari. Kama ni ugonjwa, atatibiwa."

"Na kama si ugonjwa?"

"Nitawaambia alichosema daktari."

"Wiki moja," alisema Erasmo. "Halafu Kihurio."

Mkewe Erasmo, Justa, alikuwa akiimiminia kamati uji kwenye vikombe. Alipofika kwa Ernesta hakumtazama usoni. Lakini Ernesta aliporudi nyumbani alikuta mayai mawili ya kuchemsha ndani ya kikapu chake, yamefungwa kwenye jani la mgomba, bado yana joto.

Basi la kushuka Same liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Konda alitaka Lukia asimame, kisha akasikia kifua chake kikikoroma, akamkalisha juu ya boneti ya injini palipo na joto. Ernesta alimkumbuka kwenye sala zake kwa muda mrefu, bila jina.

Hospitalini hapakuwa na kadi. Muuguzi wa dirishani aliuliza, "Daftari umeleta, bibi? Hatuandiki kwenye kiganja."

Ernesta alitoa daftari la hesabu la Lukia.

"Hili limetumika."

"Kurasa za nyuma ni safi."

Walikaa kwenye benchi chini ya saa ya ukutani. Baada ya muda saa ilianza kwenda kinyume. Ilipotoka saa nne na nusu ikarudi saa tatu, muuguzi alikuja akamhamishia Lukia kwenye benchi la mbali. "Samahani, mdogo wangu," alisema. "Ukikaa hapa hatutafika mchana, na sijanywa chai."

Mpiga picha za kifua alipiga picha mara tatu. Ya kwanza aliigeuza akidhani ameishika vibaya. Ya pili alibandika herufi ya chuma upande wa kushoto ili asikosee, na herufi ikatokea kulia. Ya tatu alitoka nayo mwenyewe mpaka kwa daktari, akasema, "Ipo hivyo."

Daktari Habibu alikuwa kijana mwenye shati lililochakaa kwenye kola. Alisimama Ernesta alipoingia, akasema shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe kwa kuwa kile cha mgonjwa kilikuwa na mguu mmoja pungufu. Akaiinua picha dirishani.

"Moyo kulia," alisema. "Ini kushoto. Kila kitu kipo na kinafanya kazi. Kimepangwa tu kama kwenye kioo. Kikohozi ni cha siku zote?"

"Tangu kuzaliwa. Na mafua."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Alikuwa amesoma habari hiyo katika jarida lililotumwa na rafiki yake aliyeko masomoni. Wataalamu walikuwa wamewachunguza panya walio bado tumboni, na alimweleza Ernesta walichokiona bila kuharakisha, ingawa mlangoni kulikuwa na foleni.

"Bibi, mtoto akianza tumboni hana kulia wala kushoto. Pande zote mbili ni sawa, kama kipande cha sabuni. Halafu katikati yake panatokea kishimo, kidogo kuliko punje ya ulezi. Ndani ya kishimo kuna maji, na chini ya maji kuna vinyweleo. Vinazunguka, vyote mwendo mmoja, vinasukuma maji kwenda kushoto. Maji yakifika kushoto, yanaamsha jeni za upande huo."

"Jeni ni nini, baba?"

"Ni maagizo. Anayo kila mtu mwilini, ametoka nayo kwa baba na mama. Mengi yamelala, yanasubiri kuamshwa. Hilo la kushoto likiamka linasema: moyo ukae huku. Na kuna agizo jingine linasimama katikati ili la kwanza lisivuke kwenda kulia."

"Kama tuta," alisema Ernesta.

"Kama tuta."

"Na kizibo kinafunguliwa asubuhi, maji yanapewa upande mmoja. Ninaelewa, baba. Tunayo ndiva."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Basi kwa Lukia vile vinyweleo havikusukuma. Maji yalitulia. Moyo haukupata wa kuuambia uende wapi, ukabahatisha. Kwa watoto wa namna hii karibu nusu hubahatisha kushoto, na hakuna anayejua kitu. Huyu alibahatisha kulia. Na vinyweleo vya jamaa hiyohiyo vipo kifuani na puani, kazi yake ni kusukuma makohozi nje. Kwake havisukumi. Ndiyo maana anakohoa."

"Maji ya ndivani kwetu yanamfuata," alisema Ernesta. "Akipita yanageuka kushoto."

Daktari alifikiri. "Hilo halimo kwenye jarida," alisema. "Lakini hao walikuwa panya."

Akamfundisha jinsi ya kumlaza Lukia ubavu, kichwa chini kidogo, na kumpiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kijibakuli, kila asubuhi, mpaka makohozi yatoke. Alimshika Ernesta mkono akamwonyesha. "Usiogope. Piga mapigo yasikike. Hii ndiyo dawa yake. Asipopigwa, kifua kitajaa. Na asikae penye moshi."

"Unaweza kuandika kwamba si kosa lake?"

Daktari Habibu aliandika ukurasa mzima nyuma ya hesabu za kujumlisha. Mwisho aliandika kwa herufi kubwa, SI KOSA LA MTU, akapiga muhuri. Kisha akainama akamfunga Lukia vifungo vya koti, akianzia juu, na mkono wake ukavipata upande vilipokuwa bila kusitasita.

Walikuwa wameondoka Kivanda siku tatu. Siku hizo tatu maji yalikwenda kulia na tangawizi ya Erasmo ikainua majani. Asubuhi waliyorudi Lukia alivuka mgawanyo akiwa ameshika mkono wa bibi yake, na maji yakageuka kushoto. Mtoto mmoja wa Erasmo aliyekuwa ukingoni na jembe alitema mate, akaenda kumwambia baba yake.

Shuleni watoto walipopanga mstari walimpigia kelele Lukia, "Kushoto! Kushoto! Nyuma geuka!" Mwalimu aliwasikia. Alimwambia Lukia asimame mwisho.

Jumapili kamati ilikutana. Ernesta alisimama akausoma ukurasa wa daktari polepole, akiweka kidole chini ya kila neno. Alisoma kuhusu kishimo, vinyweleo, maji na maagizo. Watu wa ndiva waliufuata vizuri. Mzee Sylvester aliuliza tu nani alikuwa na zamu ya usiku humo tumboni, akajibiwa kwamba hakukuwa na mlinzi.

"Kwa hiyo si ugonjwa wa kutibika," alisema Erasmo.

"Moyo hautahama. Kikohozi kinatunzwa."

"Na akiwa hapa maji hayatakwenda kulia."

"Hayatakwenda."

"Na asipokuwepo yanakwenda."

"Mmeona wenyewe."

Erasmo aliliomba daftari, akausoma ukurasa mpaka kwenye muhuri, akausugua muhuri kwa kidole kuona kama unatoka. Haukutoka. "Kamati haina ugomvi na daktari," alisema. "Tupeni wiki."

Ernesta alirudi nyumbani na tumaini. Wiki ile alimpiga mjukuu wake mgongoni kila asubuhi, na siku ya nne makohozi yalitoka mengi, na Lukia akalala usiku mzima bila kukohoa. Komeo pia lilichelewa. Lilihama kukiwa kumekucha kabisa, na Ernesta alikuwa amekaa kitandani mikono mapajani, akilingoja.

Jumapili iliyofuata Erasmo alikuja na karatasi zilizopigwa chapa huko Same, na kibweta cha wino.

"Tumelipokea jambo hili," alisema. "Maji yamechagua kushoto. Sisi ni nani tubishane na maji? Mashamba ya kushoto sasa yatakuwa ya watu wa kulia, na mashamba ya kulia yatakuwa ya watu wa kushoto. Eneo kwa eneo. Hakuna anayepunjwa."

Dorkas alisimama. "Mahindi yangu yana mbelewele."

"Yatavunwa."

"Na nani?"

"Na mwenye shamba."

"Na udongo, Mzee Erasmo? Pale pana samadi yangu ya miaka ishirini. Nimeibeba kichwani."

"Samadi haina hati," alisema Erasmo, na watu wake wakacheka kwa muda mrefu kuliko utani ulivyostahili. Dorkas akaketi. Hakuimba tena.

"Kuna jambo moja limebaki," alisema Erasmo, akamgeukia Ernesta. Sauti yake ilikuwa na adabu. "Mama Evaline, wewe ni mtu mzima. Ukiumwa, ukifunga mlango, mtoto asipopita, tangawizi ya watu itakauka. Nyumba yangu ipo juu ya kizibo kabisa. Mtoto atalala kwangu."

"Mlitaka aende Kihurio."

"Sasa hatutaki. Umeshinda. Mtoto anabaki mlimani."

"Anabaki kwangu."

"Kwangu au Kihurio," alisema Erasmo. "Basi la kule linaondoka Alhamisi."

Ernesta alimtazama Lukia, ambaye alikuwa amechuchumaa akimwangalia mdudu wa maji akizunguka ndivani. Mdudu alikuwa amebadili mzunguko alipomkaribia. Kutoka nyumba ya Ernesta hadi ya Erasmo zilikuwa hatua mia nne. Aliwahi kuzihesabu siku ya msaragambo, akibeba tope. Kutoka kwake hadi Kihurio hakujua ni hatua ngapi.

"Atapigwa mgongo kila asubuhi," alisema. "Imeandikwa. Na asilale penye moshi."

"Imeandikwa," alisema Erasmo.

Ernesta akatia dole gumba kwenye wino, ingawa alijua kuandika jina lake. Hawakumpa kalamu.

Justa ndiye aliyekuja kumchukua mtoto. Alimbebea koti na kigunia cha nguo, na kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akageuza uso pembeni. "Mama," alisema, "nionyeshe huo mkono unakunjwaje." Ernesta akamwonyesha. Justa akajaribu kwenye paja lake mwenyewe mara tatu, akaondoka.

Ratiba ilipakwa chokaa ikaandikwa upya ukutani. Kushoto, Jumapili hadi Ijumaa. Kulia, Jumamosi. Kila alfajiri ya siku hizo sita Lukia alisimamishwa kwenye mgawanyo kizibo kilipoondolewa, akiwa amejifunika shuka, na maji yalikwenda kushoto kwa Erasmo na ndugu zake. Kila Jumamosi watu wa nyumba ile walimpeleka kanisani mapema kwa njia ya juu, kabla kizibo hakijaondolewa. Maji yakishuka bila yeye yalikwenda kulia, yakawapita wajane kumi na mmoja waliovaa nguo zao nzuri, yakapita mashamba yao yote, yakamwagika korongoni. Wageni waliokuja kununua tangawizi walisimulia kwamba Kivanda pana mtoto anayegeuza maji. Walilitaja hilo baada ya kutaja hali ya barabara.

Wiki ya kwanza komeo la mlango wa Erasmo lilihama alfajiri kutoka kulia kwenda kushoto, mlango ukawa wazi, na Lukia akakutwa hatua mia mbili chini, akielekea kwa bibi yake bila viatu. Erasmo hakumpiga. Alimwita fundi, komeo likabanduliwa likafungwa upya kwa kugeuzwa. Tangu siku hiyo Lukia akijigeuza kitandani mlango ulijifunga wenyewe.

Nyumbani kwa Ernesta komeo halikuhama tena. Aliamka kabla ya jogoo wa pili kama kawaida, akalisukuma kushoto kwa mkono mpaka likatoa mlio wake mdogo, akalirudisha. Kisha aliwasha moto nje, ingawa hakukuwa na wa kukohoa ndani.

Jumamosi baada ya ibada aliruhusiwa kukaa na mtoto barazani kwa Erasmo mpaka jua liguse kilele. Alifika na makande kwenye bakuli lililofunikwa. Mashamba ya kushoto yalikuwa yamegeuka tangawizi tupu. Ya kulia yalikuwa na mashina makavu ya tangawizi ya zamani. Alimlaza Lukia ubavu, kichwa kikining'inia kidogo kwenye goti, akakunja kiganja akaanza kumpiga mgongoni. Alipiga yasikike. Makohozi yalitoka, mengi na mazito.

"Mama Justa anapiga polepole," alisema Lukia alipopata pumzi. "Anaogopa kunivunja."

"Lakini anapiga?"

"Kila siku. Mzee akiwa amekwenda shambani. Na kitanda changu amekisogeza dirishani."

"Mwambie apige kama anakung'uta unga wa mwisho kwenye ungo."

Jikoni, Justa alisikia. Hakutoka, lakini mlio wa sufuria ulinyamaza kwa kitambo, na ukasikika ungo ukipigwa mara tatu, taratibu, kisha kwa nguvu zaidi.

Ernesta aliweka mkono wake kwenye kifua cha mjukuu wake upande wa kulia. Moyo ulikuwepo. Ulikwenda haraka, kama siku ile ya kanga. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha mlima kikafika kwenye ngazi na Erasmo akakohoa kule ndani, kikohozi cha mtu mwenye afya anayetaka wageni waondoke.

Ernesta akalichukua bakuli. Lukia alirudi mpaka mlangoni, akasimama ndani ya kizingiti, mkono mmoja juu ya komeo.

"Bibi, uje tena."

"Nitakuja Jumamosi."

"Uje hata kesho. Si lazima uingie. Usimame tu kule kulia, pale pakavu, nikiwekwa kwenye maji asubuhi nitakuona."